Mjomba Amejifungua Mapacha

Darakmul, Kisiwa cha Jeju
20 Februari 1977

Shangazi Nam-ok,

Shikamoo. Huko Osaka hamjambo? Magoti yanasemaje na baridi hii? Sisi hatujambo, ila upepo wa mwaka huu umetukomoa. Umeangusha ukuta wa mawe upande wa bahari, na mimi na mdogo wangu Chang-ho tumeshinda siku mbili tunaupanga upya.

Usishangae mwandiko. Nimejikata dole gumba kwa mkasi wa kupogolea michenza, kwa hiyo mimi nasema na Chang-ho anaandika. (Mimi Chang-ho naongeza: alijikata kwa sababu alikuwa anagombana na mtu huku anapogoa.) Mwache aandike upuuzi wake. Tangu awe mwalimu hana adabu, na tangu arudi kutoka kwako ndiyo kabisa. Miezi mitatu uliyomlisha huko akijifunza kubebesha miche tawi la mchenza mwingine, amerudi na tumbo.

Ile miche ya michenza uliyokitumia kijiji mwanzo, mwaka huu imezaa mpaka tumeegemeza matawi kwa miti. Jiwe la shukrani lenye jina lako pale mlangoni mwa kijiji bado limesimama, watoto wanalipanda kama farasi. Nimewafukuza, wakanizomea.

Habari za majirani: mjomba wa kisimani amejifungua mapacha! Ana miaka arobaini na mmoja, alishadhani mambo hayo yamekwisha. Mmoja mkubwa, mmoja mdogo, wote wana sauti kali. Mjomba wa lango la mawe alimpikia supu ya mwani wiki nzima, akachoka, sasa anauliza ile dawa ya kuchua itafika lini. Mjomba wa juu mlimani alileta nusu nguruwe. Tukikupa habari zote karatasi haitatosha.

Wako,
Gye-sun (na Chang-ho mwenye mkono)


Osaka, Ikuno
14 Machi 1977

Gye-sun mwanangu, na wewe Chang-ho mwenye tumbo,

Marahaba. Mimi mzima. Magoti yanalalamika lakini yananifikisha sokoni. Chumba kinanuka gundi ya viatu kama kawaida. Wiki hii nimebandika soli za kandambili mpaka vidole havitaki kuachana.

Mwambie mjomba wa kisimani nimefurahi mpaka nimecheka peke yangu. Mapacha, kwa umri ule! Dawa ya mjomba wa lango la mawe nimefunga kwenye kifurushi pamoja na msumeno mdogo wa Chang-ho. Asimpe mtu mwenye hasira aushike.

Juzi nilikwenda ofisi ya wilaya kubadilisha kadi yangu ya mgeni. Kila miaka mitatu wananichovya kidole kwenye wino kama mwizi wa kuku. Yule kijana wa dirishani akaniuliza, "Mama, umeingia lini Japani?" Nikamwambia, mwaka 1934, nilikuwa na miaka kumi na minane, na sikuingia. Mliniingiza. Nilikuja kwa meli yenu kusokota nyuzi kwenye kiwanda chenu, mkaniambia mimi ni mtoto wa mfalme wenu, mkanipa na jina lenu. Vita ilipowashinda mkaamka asubuhi mkaniita mgeni. Mimi sikuhama hata nyumba! Kijana akainamisha kichwa, akanichovya tu kidole.

Kuna mtu kauliza habari zangu huko kijijini? Nauliza tu. Msinijibu kama hakuna.

Shangazi yenu


Darakmul
2 Juni 1977

Kwa Bibi Bu Nam-ok,

Barua yako ya tarehe 14 Machi imepokelewa. Sote tu wazima. Chang-ho yuko mafunzoni, hawezi kuandika.

Naomba unijibu kwa ukamilifu mambo yafuatayo. Watu wanaoitwa "mjomba" katika barua zetu ni akina nani, majina yao kamili, na kila mmoja anakaa wapi. "Mjomba amejifungua mapacha" maana yake nini. "Mkubwa" ni kitu gani na "mdogo" ni kitu gani. "Supu ya mwani" inapelekwa wapi. Msumeno ulitumwa kwa kazi gani.

Jibu upesi kwa faida ya familia.

Bu Gye-sun
(alama ya dole gumba)


Osaka, Ikuno
19 Juni 1977

Gye-sun mwanangu,

Marahaba, ingawa hukuniamkia. Tangu ujue kushika kalamu hujawahi kuniandikia bila shikamoo, hata mwaka ule uliponinunia kwa sababu ya lile koti. Na umeweka dole gumba. Nimelitazama kwa miwani: kovu la mkasi linakatiza katikati, kwa hiyo ni lako kweli. Mimi alama za vidole nimeziweka miaka mingi, najua vyumba zinamowekwa. Najua na wanaozishikilia.

Sasa naongea na wewe bwana uliyekaa karibu naye ukimsemesha maneno ya kuandika. Hujambo? Umetoka bara, nimekujua. Mtu wa kisiwani hawezi kuuliza swali lile bila kucheka.

Sikiliza nikufundishe, maana naona mamako hakukuleta kututembelea. Huko kwenu mjomba ni mwanamume, ndugu wa baba au wa mama. Kwetu mtu yeyote aliyekuzidi umri ni mjomba wako. Mwanamume ni mjomba. Mwanamke ni mjomba. Anayeuza dagaa ni mjomba, na usiyemjua ukikutana naye njiani ni mjomba. Mjomba wa kisimani ni mwanamke, ana matiti na tumbo la uzazi kama mama yako, na alijifungua watoto wawili. Mkubwa ni mtoto aliyenenepa. Mdogo ni mtoto mwembamba. Supu ya mwani inapelekwa kinywani mwa mzazi ili maziwa yatoke. Msumeno unakata matawi.

Ukitaka majina sikupi. Si kwa sababu ni siri. Ni kwa sababu ukishaandika jina la mtu kwenye lile daftari lako, mtu huyo hatalala tena, na mimi sitamkosesha mama wa mapacha usingizi, mapacha wanamtosha.

Na hayo "mafunzo" ya Chang-ho ni mafunzo gani? Mfundishe kwa mkono mwepesi. Baba yake aliitwa nje na watu kama wewe mwaka 1948, mtoto akiwa bado tumboni, akaambiwa ni la dakika tano. Mpaka leo hatujamwona.

Gye-sun, kula. Usiache kula.

Shangazi yako


Darakmul
30 Agosti 1977
(kwa mkono wa mjomba wa lango la mawe)

Shangazi wangu,

Shikamoo. Shikamoo mara kumi, nafidia ile ya Juni. Anayekukabidhi barua hii amepata ruhusa ya kuja kwa mwanawe huko kutibiwa magoti. Barua nimeishona ndani ya kitambaa cha mgongoni cha kubebea mtoto. Watu wa forodhani walimuuliza mtoto yuko wapi, akawaambia amekua, ana miaka hamsini. Wakamwacha apite.

Sikukuandikia ukweli, sasa nakuandikia. Chang-ho walimchukua tarehe 11 Aprili, darasani, mbele ya wanafunzi. Ofisi waliyompeleka haina kibao. Wanasema miezi mitatu aliyokaa kwako alikuwa anafundishwa ujasusi wa Kaskazini, ile nusu ya nchi tuliyokatazwa hata kuitaja, na ile barua ya Februari, waliyoipiga picha posta, ni ripoti yake. Mwandiko ni wake, shangazi! Maneno yangu, mwandiko wake. Kama nisingejikata kidole, hakuna ambacho wangekishika. Nalia kila nikiliona kovu hili.

Barua yako ilimkasirisha yule bwana mpaka akapasua kikombe. Akasema jasusi aliyefundwa ndivyo anavyojitetea, kwa kujifanya mshamba. Kwake mjomba ni mtu mmoja, mkubwa wao, na mapacha ni mashua mbili zilizoteremka usiku, moja kubwa na moja ndogo. Ameshachora na ramani. Nimeiona, shangazi, imechorwa vizuri sana.

Chang-ho nimemwona mara moja, dakika chache. Amekonda. Mengine usiniulize.

Sasa jambo lenyewe. Wamenipa karatasi nitie sahihi. Imeandikwa kwamba wewe ni adui wa taifa, kwamba wewe ndiye uliyetutuma, na kwamba mimi nakukana kuanzia leo. Nikitia sahihi watamhesabu Chang-ho kama mtu aliyedanganywa, atarudi nyumbani. Nisipotia, mwendesha mashtaka ataomba miaka kumi na mitano. Kesi ni Novemba. Nimekaa na karatasi ile wiki tatu, chini ya mkeka.

Na wamenionyesha picha ya mwanamume mwenye nyusi kama za baba. Wakasema ni mtoto wako, anaitwa Mun Il-gwon, yuko Kaskazini. Nikasema shangazi yangu hana mtoto. Wakacheka. Una mtoto, shangazi?

Jiwe lako wamelivunja. Mwenyekiti wa kijiji aliamriwa, akapiga nyundo huku analia. Kipande chenye jina lako amekichukua mjomba wa lango la mawe, anakandamizia kachumbari ya kuchachusha kwenye mtungi. Anasema haijawahi kuwa tamu hivi, mwulize mwenyewe.

Gye-sun


Osaka, Ikuno
25 Septemba 1977

Gye-sun mwanangu,

Marahaba. Mjomba amefika mzima, amelala kwangu siku tano, amekoroma siku tano. Kachumbari aliyoibeba nimekula nikatoa machozi, nikasingizia pilipili.

Ndiyo. Nina mtoto.

Il-gwon alizaliwa hapa hapa Ikuno. Alikuwa na akili kushinda wenzake wote, na hakuna kiwanda wala ofisi iliyomtaka, kwa sababu ya jina la kwetu. Mwalimu wake alimwambia waziwazi, wewe rudi kwenu. Kwenu wapi? Kisiwani ndugu zake walikuwa wameuawa, na kulikuwa hakurudiki. Ndipo meli za kwenda Kaskazini zikaanza, wakaambiwa huko watasoma bure. Mwaka 1960 nilimsindikiza mpaka bandari ya Niigata. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Alinipungia mkono na kofia niliyomshonea. Tangu hapo nimepata barua nne, zote zinasema anakula vizuri, na zote zinaomba soksi.

Sikuwaambia kwa sababu niliogopa jambo hili hili. Nilidhani kwamba nisipomtaja mtoto wangu hawatawagusa. Miaka kumi na saba nimewaandikia "mimi peke yangu sijambo", na kila nikiandika hivyo namfuta mwanangu kwa mkono wangu. Naona aibu, Gye-sun. Hawakunilazimisha. Nilifanya kazi yao bure.

Sasa nisikilize vizuri. Tia sahihi. Andika mimi ni adui, na waongeze wanachotaka. Huku naitwa mgeni hatari, chama kimoja cha watu wetu hapa Osaka kinaniita msaliti, cha pili kinaniita kibaraka, kwa sababu nimekataa kadi za vyote viwili. Adui mmoja zaidi hataniua. Jina langu ni pana, litawatosha. Chang-ho ana miaka ishirini na tisa na hajaoa. Mrudishe nyumbani.

Mimi sitakuwa nimekatika na wewe kwa sababu ya karatasi. Tia sahihi, kisha ukapogoe michenza.

Shangazi yako, hata ukinikana


Darakmul
21 Novemba 1977

Shangazi,

Shikamoo. Barua hii sikuishona mahali. Nimeipeleka posta mchana, nimebandika stempu mwenyewe, nikamwambia karani aisome kwa sauti kama anataka kujichosha.

Sikutia sahihi.

Usinigombeze kabla hujamaliza kusoma. Nilikuwa nimeshaamua kukutii. Siku ya kesi niliibeba karatasi ile kifuani, wakili alisema ni wakati wowote siku hiyo. Chang-ho akaingizwa amefungwa kamba, amevaa nguo nyembamba, meno mawili ya mbele hayapo. Haruhusiwi kusema na mtu. Akatutazama sote, akaniona, akapaza sauti mahakama nzima ikasikia: "Dada! Shangazi hajambo?"

Askari akamsukuma. Mimi nikasimama, nikamjibu: "Hajambo! Magoti tu!"

Basi ile karatasi ikaniwia nzito pale pale, shangazi. Mtu amevunjwa meno ili aseme wewe ni adui, na jambo la kwanza anauliza kama hujambo. Nitamwambia nini siku akirudi, kwamba mimi sikuvunjwa hata ukucha nikakuuza?

Mwendesha mashtaka akasoma barua ya Februari. Alipofika "mjomba amejifungua mapacha" akainua kidole. "Mheshimiwa, nakuomba uiangalie sentensi hii. Tangu lini mjomba akajifungua?" Jaji naye mtu wa bara, akatikisa kichwa kukubali. Ramani ikaletwa, na mashua zake mbili. Watu wa Darakmul nyuma yangu wameuma midomo.

Wakili wetu akaomba shahidi aingie. Akaja mjomba wa kisimani, mtoto mmoja mgongoni, mmoja kifuani, jasho linamtoka. Karani wa mahakama ni mzaliwa wa upande wa kusini wa kisiwa, mtu wa miaka thelathini na kitu, mkali, kutwa nzima ametufokea tukae kimya. Alipomwona anahangaika na mlango akaruka kumshikia, akasema, kwa lafudhi yetu kabisa: "Mjomba, pita hapa taratibu, usije ukaangusha mtoto."

Kisha bibi mmoja nyuma akacheka, na baada ya huyo hapakuwa na wa kutuzuia.

Jaji akagonga meza. "Karani, umemwita nani?"

Karani amegeuka rangi. "Mjomba, mheshimiwa."

"Huyu?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Ni ndugu yako?"

"Simjui kabisa, mheshimiwa. Ndiyo kwanza namwona."

"Ni mwanamume?"

Kabla karani hajajibu, yule mdogo mgongoni akapiga kelele kama anachinjwa, na mkubwa akaitikia. Mjomba wa kisimani akamwangalia mwendesha mashtaka, akasema, "Mashua zako hizi hapa, bwana. Zina njaa. Unaniruhusu nizinyonyeshe?" Akakaa, akazinyonyesha. Shangazi, niliona yule bwana wa kikombe akiikunja ramani yake taratibu, mikunjo midogo midogo, mpaka ikaenea kiganjani.

Usidhani tumeshinda. Barua imetupwa nje, mjomba na mashua vimefutwa. Lakini hawawezi kumchukua mtu miezi saba kisha wakasema tumekosea. Chang-ho amepewa miaka miwili na nusu kwa kulala nyumba moja na mama wa mtu wa Kaskazini. Ndivyo jaji alivyosoma, bila kuona haya. Kosa lake ni kula wali kwako. Wakili aliniinamia akaninong'oneza kwamba karatasi bado inapokelewa, nikiitia sahihi huenda ataachiwa leo leo. Nikaitoa kifuani, nikamtazama Chang-ho. Alikuwa ameiona mkononi mwangu. Akatikisa kichwa hapana, akatabasamu na lile pengo lake.

Nikaichana. Nimekosea? Huenda. Usiku nalia, mchana sijuti. Kazi ya ualimu wamemnyang'anya, mimi wameninyima pasi ya kusafiria, na kila wiki mtu anakuja kuuliza kama nakuandikia. Namwambia ndiyo, nakuandikia, leta kalamu.

Kuhusu jiwe lako: vile vipande vingine wazee wamevipata. Tumevipanga kwenye ukuta wa shamba la michenza, upande ule ulioanguka kwa upepo. Herufi zinaonekana moja huku, moja kule. Mjomba wa lango la mawe amekataa kutoa kipande chake mpaka kachumbari ya mwaka huu iive.

Jambo la mwisho. Wewe ulisema umemfuta mwanao kwa mkono wako. Sasa mwandike. Ukimtumia soksi, mtumie na salamu zetu. Mwambie ana dada kisiwani aitwaye Gye-sun, ana ndugu yuko jela kwa ajili ya wali wa mama yake, na hakuna aliyemkasirikia. Mwambie mjomba wa kisimani amejifungua mapacha, mmoja mkubwa, mmoja mdogo, wameanza kutambaa.

Na wewe bwana unayeisoma barua hii kabla ya shangazi yangu, shikamoo. Kama umenizidi umri, wewe pia ni mjomba wangu. Funga bahasha vizuri, asipate tabu kuifungua, vidole vyake vina gundi.

Gye-sun
(dole gumba nimeweka mwenyewe, hakuna aliyenishika)